Mguu wa Kulia wa Binti Funguo

Mambo haya yalitokea mwaka elfu mbili na kumi. Hapana, ngoja nisije nikapotosha. Mwaka wa kumi ndio filamu ilitoka. Nakumbuka kwa sababu ndio mwaka niliong'olewa magego mawili kwa siku moja, na filamu yote niliitazama nimeshika shavu. Gemu lilikuja baadaye, mwaka wa kumi na mbili, mwishoni mwishoni. Basi, kumi na mbili. Mpwa wangu akisoma hapa akaona nimekosea tena atanisamehe, maana yeye ndiye aliyeyaishi mambo yenyewe. Mimi nilikuwa nimeketi pembeni na kiatu cha mtu mapajani.

Mimi ni fundi viatu. Shule niliiacha darasa la tano, au yenyewe iliniacha, sina hakika. Nimezunguka miji mingi na sanduku langu la nyundo na kalibu, miguu ya mti ya kushonea viatu, nikikaa miezi hapa na miezi pale, na watu wengi nimewajua kwa soli zao kabla ya kuwajua kwa sura. Soli haisemi uongo. Mwenye majivuno humaliza kisigino. Mvivu humaliza ubavu wa nje. Na mtu mwenye wasiwasi humaliza ncha, kwa kuwa hutembea kama anayechungulia. Viatu vya mpwa wangu, vyote nilivyowahi kumtengenezea tangu utotoni, vimekwisha ncha.

Huyu ni binti wa marehemu dada yangu. Miguu yangu ilipochoka kuzunguka alinipa kitanda sebuleni kwake, ghorofa ya tatu, nyumba ya vyumba viwili na korido ndefu iliyoanzia mlangoni ikaishia jikoni. Kabla ya kwenda kazini alikuwa akirudi mara tatu kutazama kama jiko limezimwa. Mara ya kwanza namwelewa. Mara ya pili nilikuwa nimesimama mbele ya hilo jiko namwambia limezimwa. Mara ya tatu alikuwa haangalii jiko tena, anaangalia uso wangu kama nasema kweli.

Kazi yake ni kuchora katuni, si zile za magazetini zinazokaa kimya, ni zile zinazotembea. Alinieleza kwamba ili mtu apige hatua mbili tu, ya kulia na ya kushoto, yeye huchora picha kumi na mbili, kila moja imesogea kidogo kuliko mwenzake. Nikamwambia mimi huzipiga hizo hatua mbili bila picha hata moja. Akasema ndiyo maana hakuna anayenikatia tiketi. Huyo ndiye mpwa wangu: utani anao, ila huutoa haraka haraka, kama mtu anayevuka barabara.

Alikuwa na binti mmoja, wakati huo ana miaka tisa. Baba wa mtoto alikwenda kutafuta maisha, na kwa kadiri ninavyojua bado anayatafuta. Mtoto huyo sisi nyumbani tulimwita Bi Mkubwa, kwa jinsi alivyotuamrisha. Alizaliwa mguu wa kulia ukiwa mfupi kuliko wa kushoto kwa upana wa vidole vitatu hivi. Viatu vyake nilivishona mimi mwenyewe: cha kushoto cha kawaida, cha kulia soli nene ya mpira, iliyopunguza kuchechemea bila kukumaliza, nimeichonga ndani iwe nyepesi isimvute goti. Kila miezi minne nilimpima upya. Alikuwa hataki nimpime mguu wa kulia kwanza. Anza na mzima, Babu, aliniambia, huyu mwingine asione kama yeye ndiye mgonjwa.

Shuleni walimwita Chopi. Hilo angeweza kulivumilia. Lililomla ni jingine. Siku moja ya michezo mwalimu alimwambia akae kivulini, asikimbie. Wiki hiyo hiyo kiranja wa darasa lao, binti mrefu mwenye sauti ya kuuza samaki, akamwona nyuma ya madarasa anaruka kamba. Basi ikaenea kwamba anajisingizia, kwamba akimwona mwalimu huchechemea, mwalimu akigeuka hutembea kama watu. Ukimwambia mtu wewe ni kilema, umemtukana. Ukimwambia kilema unajifanya, hapo hujamwachia hata kile alichonacho. Alianza kuvua kile kiatu kinene kabla ya kufika getini na kutembea bila kiatu, ili wauone mguu wenyewe. Nilijua kwa kutazama soksi.

 Mama yake mambo yakimuuma huchora. Ndipo akamchora Binti Funguo.

Hadithi yenyewe nitaisema kwa ufupi. Ni mji ambao siku moja milango yake yote ilijifunga, watu wakabaki ndani au nje, kila mmoja alipokuwa. Akatokea binti aliyeokota shada la funguo na hajui upi ni wa mlango upi, akawa anakwenda nyumba kwa nyumba kujaribu. Binti huyo anachechemea mguu wa kulia na kiatu chake cha kulia kina soli nene. Katika filamu hakuna anayemuuliza kwa nini. Hakuna daktari, hakuna muujiza wa mwisho wa kupona. Anachechemea mwanzo hadi mwisho na milango inafunguka. Miezi mingi jioni mpwa wangu alikuwa akiketi kwenye kigoda koridoni, mgongo ukutani, anamwambia Bi Mkubwa atembee kutoka mlangoni hadi jikoni, na kalamu inakwenda.

Filamu ilipotoka watoto waliipenda. Sisemi kwa kuwa ni ya kwetu. Hata pale nje nilipokuwa nakaa na sanduku langu niliona watoto wananing'iniza funguo za mama zao kiunoni na kupita wakichechemea, si kwa kejeli, kwa kuringa. Na shuleni yule kiranja alimwambia Bi Mkubwa kwamba anatembea kama Binti Funguo. Hakujua kwamba Binti Funguo ndiye anayetembea kama Bi Mkubwa, na mtoto hakumwambia. Nilimuuliza kwa nini hakujisifu. Akasema, wataona nimewaomba. Lakini kiatu hakuvua tena.

Miaka miwili ilipita hivyo, mizuri, na mimi nikadhani tumevuka.

Kisha wenye filamu wakataka gemu, lile la kuchezwa kwenye simu. Kazi hiyo ilipewa watu wa ghorofa ya juu katika jengo lile lile alimofanya kazi mpwa wangu. Mkuu wao alikuwa mtu mpole mwenye ndevu chache za kidevuni, kila ukimuuliza jambo anasema nipe dakika mbili, mpaka jengo zima likamwita Dakika Mbili, naye akaitika. Cha kwanza alichotaka ni kuuondoa mguu. Alisema kwenye gemu mtu lazima akimbie, na anayechechemea anakimbiaje? Mpwa wangu, ambaye kumwomba mwenye duka ambadilishie kiberiti kibovu humchukua siku mbili za kujipa moyo, alipanda ngazi akamwambia kwamba Binti Funguo hukimbia hivyo hivyo, njoo nyumbani nikuonyeshe. Yeye hakuja, ila alikubali. Mguu ukabaki. Mpwa wangu akachora picha zote zilizotakiwa, za kutembea, kukimbia, kupanda ngazi, kujaribu funguo, picha mia moja arobaini na nne, akazikabidhi. Baadaye wakamletea karatasi iliyoandikwa nimekagua, nimeridhika. Akatia sahihi. Siku hiyo alirudi nyumbani akaenda kulitazama jiko mara moja tu.

Jumamosi moja mchana, wiki moja kabla ya gemu kutoka, alileta simu yenye toleo la kujaribia, akampa Bi Mkubwa awe mtoto wa kwanza kucheza. Mimi nilikuwa pale sebuleni nagonga misumari. Mtoto alikuwa amelala kifudifudi mkekani, miguu hewani, anafungua mlango wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alikuwa anacheka peke yake. Mlango wa nne ukakataa. Ufunguo wake ulikuwa umeachwa nyumba ya kwanza, kwa hiyo ikabidi Binti Funguo ageuke arudi alikotoka.

Kicheko kikakatika. Nikadhani ameshindwa. Akamgeuza tena kwenda mbele, akamrudisha tena nyuma, mbele, nyuma.

"Mama," akasema, "mbona mguu umehama?"

Mpwa wangu akaja na taulo la vyombo mkononi. Nami nikavaa miwani, maana kiatu ni kazi yangu. Ni kweli. Akienda upande wa kulia, ile soli nene iko mguu wa kulia. Akigeuka kurudi, soli nene iko kushoto na mguu wa kushoto ndio unaochechemea. Akigeuka tena, imerudi kulia. Kama mtu mwenye viatu viwili vinavyopeana zamu.

Sijapata kuona mtu akipauka kiasi kile bila kuanguka. Mpwa wangu alikaa chini na taulo lake. Alisema polepole kwamba ametia sahihi. Nami nikaanza kusema maneno ya wazee, kwamba ni kitu kidogo, nani atatazama, lakini mtoto alishaweka simu chini kama kitu cha moto.

"Watatazama," akasema. "Watasema hata yeye anajifanya."

Kisha akavua kiatu chake, akakisukuma chini ya kitanda changu, akaenda chumbani.

Jumatatu mpwa wangu alinisihi nimsindikize kwa Dakika Mbili. Kisingizio tulikuwa nacho, nilikuwa na jozi yake ya viatu vya kahawia niliyoibadilisha kisigino. Lifti ya jengo ilikuwa imekufa kitambo na mtu ameibandika karatasi ya pole. Tulipanda ngazi na kila ghorofa yeye alisimama akanikariria atakavyosema. Ghorofa ya pili alisema kwa heshima, ya tatu kwa hasira, ya nne alisahau kabisa. Tulipoingia ndani alisema mambo yote matatu kwa pamoja.

Dakika Mbili hakujitetea. Alichukua karatasi moja ya Binti Funguo, akaibandika kwenye kioo cha dirisha, picha ikawa inatazama kulia. Kisha akaigeuza, mgongo ukawa mbele, na kwa mwanga wa nje tukamwona anatazama kushoto. "Mzee wangu," akaniambia mimi, nadhani kwa kuwa ndiye niliyekuwa na kiatu chake, "sisi huchora upande mmoja. Huu mwingine mashine inageuza. Kila gemu hufanywa hivi. Watu wana miguu miwili sawa, hakuna anayejua." Akaitazama ile karatasi, akaigeuza tena, na nikaona kwamba yeye pia ndiyo kwanza anajua.

Mpwa wangu alisema kosa ni lake. Maisha yake yote alipokuwa akipeleka picha za kukaguliwa zilikuwa zinatazama kulia, ndiyo desturi ya kazi yao, na alipoletewa karatasi ya kutia sahihi alizitazama kwa desturi hiyo hiyo. Mimi nikakumbuka mtu niliyewahi kumshonea kanda mbili, zote za kushoto, kwa sababu nilikuwa na kalibu moja tu na nimeizoea. Sikusema. Haikuwa siku ya kusimulia hayo.

Jibu la Dakika Mbili lilikuwa hili. Gemu linatoka Jumamosi, tarehe imeshatangazwa na si yeye aliyeipanga. Ijumaa saa sita mchana anafunga kila kitu. Kama atapata picha zote za upande wa kushoto kabla ya hapo, ataziweka. Wachoraji wake hawezi kumpa, wote wamebanwa. Na tena gemu litakuwa zito, simu za watu wa kawaida hazitalibeba, kwa hiyo itabidi kitu kitolewe, watajua Ijumaa ni kitu gani. Picha mia na arobaini na nne kwa siku nne. Kama si zote, haina maana, aseme mapema. Mpwa wangu akaitikia kwa kichwa. Tulipokuwa tunashuka ngazi aliniuliza kama amesema ndiyo au hapana.

Alichukua likizo. Jumanne alfajiri meza ya jikoni ilikuwa imejaa karatasi na mimi nikala mkate wangu nimesimama. Ilipofika saa nne alikuwa amechora picha ishirini. Ilipofika saa tano alikuwa amezichana zote.

Shida ilikuwa hii, na naomba msomaji avumilie, kwa sababu hata mimi nilielezwa mara mbili. Ukimtazama mtu anayekwenda kulia, mguu wake wa kulia ndio ulio karibu nawe. Mguu mfupi wa Binti Funguo ulikuwa mbele siku zote, mpwa wangu anaujua kama anavyojua jina lake. Akienda kushoto, mguu mzima ndio unakuwa mbele, na ule mfupi uko nyuma yake, unauona nusu nusu. Bega linashuka ukiwa hujaona sababu. Hilo hakuwahi kulichora. Nikamuuliza kwa nini asitazame filamu. Akasema katika filamu Binti Funguo hurudi mara moja tu, na mara hiyo ni gizani, kinachoonekana ni taa na kivuli. Na kwenye korido yetu, miaka yote ile, yeye alikaa kwenye kigoda kilekile, upande uleule, mtoto akipita mbele yake kuelekea jikoni, mguu wa kulia ukiwa upande wake. Alipokuwa akirudi mlangoni mama mtu alikuwa ameinama anamalizia kuchora.

Sasa alihitaji kumwona mtoto akirudi. Na mtoto alikuwa hatembei.

Bi Mkubwa hakwenda shule Jumatatu, alisema tumbo. Jumanne tumbo lilikuwa limehamia kichwani. Alikaa kitandani, akitaka kitu anatuma. Chooni alikwenda akishika ukuta, kiatu kikiwa bado chini ya kitanda changu. Mama yake alimwomba mara moja, kwa sauti ya chini. Akajibiwa: "Ulinichora mara ya kwanza wakaacha kunicheka. Ukinichora mara ya pili wakaanza tena, nitakwenda wapi?" Mpwa wangu alirudi jikoni akaketi. Mzazi gani atamlazimisha mtoto wake kuchechemea ili amchore? Na asipomchora, Jumamosi kila simu ya darasa lile itakuwa na yule binti wa kubadilisha miguu. Kote moto. Niliona ameshika kalamu upande wa ncha na hajui.

Jumatano ikaingia hivyo hivyo. Alikuwa na picha kumi na tisa za kukisia na hakuzipenda.

Mchana huo mimi nilifanya upumbavu. Nilichukua viatu vyangu, nikabandika vipande vitatu vya mpira chini ya kile cha kushoto, ili mguu wa kulia ubaki mfupi, unene kama wa mtoto kwa kadiri ya mwili wangu, gundi ikiwa bado mbichi. Nikatoka koridoni nikamwambia mpwa wangu achukue karatasi, mwanamitindo amefika. Nikaanza kutembea kutoka jikoni kwenda mlangoni, tako huku, bega kule. Alijaribu kunichora, Mungu ambariki. Baada ya safari tano akaweka kalamu chini.

"Mjomba," akasema, "unaigiza."

Nikamwambia siigizi, nimevaa soli. Akasema soli umevaa, ila uso wako unaomba pole. Nikabadilisha uso. Akasema sasa ni mabega. Nikaenda tena, na gundi ikanata kwenye sakafu, kiatu kikabaki nyuma, mimi nikaendelea mbele hatua mbili na soksi. Ndipo nikasikia mlango wa chumbani umefunguka na mtu amesimama ananitazama. Sijui alikuwa pale tangu lini.

"Sivyo, Babu," Bi Mkubwa akasema. Hakuwa anacheka. Alikuwa amekasirika kama fundi anayeona mtu ameshika patasi kichwa chini. "Wewe unachechemea kama mtu aliyekanyaga msumari. Mimi siumwi. Mimi natembea."

Nikamwambia basi nionyeshe, mimi ni mzee, nafundishika. Akaenda chini ya kitanda changu akatoa kiatu chake, cha kushoto akakileta kutoka chumbani. Alifunga gidamu bila haraka, ya kulia kwanza, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Akaniambia nikae. Akamwambia mama yake asimchore uso. Kisha akatembea kutoka jikoni kwenda mlangoni.

Nimeshona viatu vya mtoto yule toka ajue kusimama, na upande ule sikuwahi kuutazama. Mguu mzima ulimficha mwenzake, kisha mwenzake akachomoza kidogo, bega likashuka, mkono wa kushoto ukajitupa mbele kulirudisha, na hapo hapo akawa tayari yuko hatua nyingine. Haikuwa kuanguka na kuinuka kama nilivyokuwa nikifanya mimi. Ilikuwa kama maji yanayojua njia. Kalamu ya mpwa wangu tu ndiyo iliyosikika. Bi Mkubwa akarudi jikoni kwa kukimbia ili aanze upya. Akatembea, akakimbia, akapanda kigoda badala ya ngazi, akasimama mlangoni kujaribu ufunguo. Mara arobaini, mara hamsini, hata nikawa naombea apumzike na yeye ndiye anayetuamuru: huo mkono umeukosea, rudia, naanza. Alhamisi alifanya hivyo tena tangu asubuhi. Kichwa kilichokuwa kinamuuma hakuna aliyekitaja.

Ijumaa saa tano na nusu tulikuwa kwa Dakika Mbili na bahasha ya picha mia na arobaini na nne. Alizipitisha kwenye mashine yake, na tukasubiri tumesimama ingawa viti vilikuwepo. Kama alivyosema, gemu lilikuwa zito. Kitu kitoke. Aliorodhesha vinavyoweza kutoka, na kabla hajamaliza mpwa wangu akasema, "Toa mvua."

Hiyo mvua naijua mimi. Ilikuwa mlango wa saba, mvua inayoanza na tone moja juu ya bati na kujaa mji mzima, na mpwa wangu aliichora kwa wiki tatu, kila siku akirudi ananionyesha ilipofika. Hakuwahi kujisifia kazi nyingine. Dakika Mbili alimtazama, akauliza kama ana hakika. Akasema toa. Saa sita ikagonga. Akatuambia twende nyumbani, ataunganisha, ila hawezi kuahidi kama vyote vitakubali, mashine nayo ina ukaidi wake. Simu yake kuanzia hapo haikupokelewa. Mpwa wangu alimpigia mpaka nikamnyang'anya, na kabla ya kulala alikwenda jikoni mara ambazo sikuzihesabu.

Jumamosi gemu likatoka. Tulikaa watatu mkekani, simu katikati, tunatazama ile namba inayopanda wakati wa kupakua. Ilifika themanini na moja ikakaa. Mpwa wangu alisema labda ndiyo dalili. Nikamwambia dalili ya nini, ni mtandao. Ikapanda. Bi Mkubwa akafungua mlango wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa nne ukakataa. Kidole chake kilikaa juu ya kioo bila kugusa kwa muda, na hakuna aliyemharakisha. Kisha akamgeuza.

Binti Funguo akarudi alikotoka, mguu wa kushoto mbele, na nyuma yake soli nene ikichomoza na kujificha, mguu wa kulia, palepale pake. Bega likashuka, mkono ukajitupa. Mpwa wangu alifunika uso kwa taulo. Kwenye mlango wa saba hapakuwa na mvua. Palikuwa na jua tupu, na mtoto hakujua kwamba kuna kitu kimekosekana.

Lakini hukumu haikuwa pale mkekani. Ilikuwa Jumatatu, darasani. Asubuhi hiyo Bi Mkubwa aliondoka kwenda shule amevaa viatu vyote viwili, na mpwa wangu akaenda kazini baada ya jiko mara nne. Mimi siku nzima nilishona upande mmoja wa kiatu, nikafumua, nikashona. Mama mtu alirudi mapema, akasimama dirishani. Mtoto akaingia, akatupa begi, akaomba chai.

Tukamuuliza. Akasema wote walikuwa nalo hilo gemu. Kiranja amefika mlango wa kumi na moja. Wamegombana kuhusu ufunguo wa dobi. Tukauliza, na mguu? Akasema hakuna aliyesema neno kuhusu mguu. Si zuri si baya. Hawakuona kitu. Wamemgeuza huku na huku siku nzima na hakuna aliyeona kitu.

Mpwa wangu alivuta pumzi ndefu, ya kwanza tangu Jumamosi ile nyingine, akaenda kuchemsha chai akiimba. Kwake yeye yalikuwa yamekwisha, na kweli yalikwisha: jina la Chopi halikurudi, wala lile la kujisingizia. Lakini mimi nilimtazama mtoto alivyokuwa akifungua gidamu zake, kichwa chini, na uso wake sikuweza kuusoma. Haukuwa wa furaha, na huzuni sikuiona. Mama yake nilimuuliza baadaye, akaniambia muulize mwenye mguu. Mwenye mguu leo ni mwanamke mzima, na viatu vyake hushonewa na mtu mwenye macho mazuri kuliko yangu. Nilimuuliza jioni ile ile, akiwa bado ameshika kiatu cha kulia, na nimemuuliza mara mbili tatu miaka iliyofuata. Kila mara hunitazama, kisha huniuliza kama nimekula.

Mjukuu wangu, ulitaka waone, au ulitaka wasione?